Fyuzi Mfukoni mwa Pacha Wangu

Nilikubali nikiwa bado na tonge la bugali mkononi. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshanawa. Alingoja mke wake aondoe sahani ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, kisha akasema kesho niende kwa mwalimu wetu nimwombe anibadilishie mtu wa kufanya naye kazi. Hakupaza sauti. Kwetu mkubwa wa nyumba akishaamua hana haja ya kupaza sauti, na mimi nilikuwa nalala chini ya bati lake, katika mtaa wa Gihosha, pamoja na mke wangu na watoto, tangu siku tulipoiacha nyumba yetu milango wazi. Nikasema sawa. Ningeweza kusema nitafikiri. Ningeweza kukataa, naye angeninunia siku mbili tatu, kisha yangepita. Nimezeeka sasa na nina mengi ya kujutia, lakini hilo la kusema sawa na kuendelea kula ndilo linalonirudia mara nyingi zaidi.

Inanipasa nieleze ni kazi gani tuliyokuwa tunajifunza, na huyo mtu alikuwa nani.

Kabla ya vita nilikuwa karani katika ghala la kahawa. Nilikuwa nimesoma sekondari, nilivaa shati lililopigwa pasi, na mikono yangu haikujua kazi nyingine zaidi ya kalamu. Ghala lilipofungwa nilikaa muda mrefu bila kazi, mpaka jirani mmoja akaniambia kuwa Buyenzi kuna kituo cha mtaa kinachofundisha watu wazima ufundi wa umeme. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya gereji, chenye benchi, ubao mweusi na ngazi mbili za mbao. Buyenzi ilikuwa bado inakanyagwa na watu wa kila namna. Mitaa mingine ilikuwa imekwisha kugawanyika, huu wa hawa, ule wa wale, na mtu alijua njia ya kupita na njia ya kukwepa. Darasani kwetu walikaa benchi moja watu ambao jioni walirudi kwenye mitaa isiyotembeleana.

Mwalimu wetu alikuwa Mwislamu, mzee wa Buyenzi tangu enzi za babu yake, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya upole. Siku ya kwanza alitutazama mmoja mmoja, halafu akasema, "Hii kazi ni ya waoga. Mutu shujaa aende jeshini, huko wanamutafuta."

Wengine walicheka. Mimi nilimwangalia mikono. Alichukua kipande cha waya, akakivua ngozi kwa kisu kidogo, akatupitishia tukishike kila mtu kwa zamu. Ilikuwa shaba tu, nyekundu na laini, ukiikunja inakunjika. Hakuna kilichokuwamo. Kisha akaurudisha waya uleule mahali pake, akaufunga, akabonyeza swichi, na taa iliyokuwa juu ya ubao ikawaka. Tulikuwa tumekodoa macho wote na hakuna aliyeona kitu kikipita.

Nilikuwa nimekaa chini ya taa za umeme maisha yangu yote. Nilikuwa nimehesabu magunia chini ya taa miaka na miaka, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Mwalimu akatueleza kwamba ule mwanga ni maji ya mto Rusizi yanayoporomoka huko mbali, yanazungusha chuma, na nguvu yake inakuja mpaka hapa ikipanda na kushuka milima. Nikaifikiria ile milima. Nilijua ni nani waliokuwa wanapigana humo. Nguvu ile iliwapita wote juu ya vichwa vyao, usiku na mchana, haikumuuliza mtu anatoka upande gani, ikaja kuingia katika chumba chetu kwa tundu la ukutani lisilozidi punje ya haragwe, na hapo ikamtii mzee mmoja kwa kidole gumba. Siku ile nilirudi nyumbani shingo juu, nikifuata waya kutoka nguzo hadi nguzo, mpaka nikakanyaga beseni la mama aliyeuza maparachichi. "We muzee," akaniambia, "pesa inaangukaga huko juu?"

Kitu cha pili tulichofundishwa kilikuwa neno. Katika mji wetu umeme unaitwa moto. Kwa Kirundi ni hivyohivyo, umuriro ni wa makaa na umuriro ni wa taa. Taa zikizimika mtaani watu husema moto umekwenda. Zikirudi, watoto hupiga kelele kuwa moto umekuja. Mwalimu alitukataza kabisa neno hilo tukiwa kazini. "Hapa ndani moto ni wa kupikia," alisema. Wala hakutaka tuulizane kwa mdomo kama umeme umekatwa, kwa sababu mdomo unaweza kujibiwa na yeyote. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa bado na fyuzi za zamani za kauri, nyeupe, zinazojaa kiganjani kama mayai ya njiwa. Alitupanga wawiliwawili, akatuita mapacha. Pacha mmoja anapanda darini, mwingine anabaki kwenye sanduku la fyuzi. Huyu wa chini anazitoa na kuzitia mfukoni mwake, na asizitoe humo mpaka mwenzake akanyage sakafu. Yule wa juu akiwa tayari anagonga mbao mara mbili. Wa chini anatikisa mfuko. Kauri inalia. Usiposikia mlio huo usiguse waya, hata mama yako mzazi akikuhakikishia.

Pacha wangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake iliibwa pamoja na vitambaa vya wateja siku mtaa wao ulipovamiwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake vilizoea vitu vidogo, hivyo alinishinda tangu mwanzo. Sitaandika yeye alikuwa wa kabila gani na mimi wa kabila gani. Inatosha kusema kwamba aliishi mtaa ambao sisi wa Gihosha hatukuukanyaga, na kwamba mwalimu alipotunyooshea kidole, wewe na wewe, darasa zima liligeuka kututazama. Yeye ndiye aliyeanza kuongea. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia, na toka siku hiyo akaniita Karani.

Mara ya kwanza kupanda darini nilikwama katikati. Nilisimama kwenye ngazi nikaangalia chini, nikamwona anaingiza fyuzi mfukoni, na nadhani alisoma usoni mwangu kile nilichokuwa nawaza.

"Karani," akasema, "mi nikikuua, nani atanibebea ngazi?"

Nikapanda. Darini kulikuwa na giza, vumbi na joto la bati. Nikagonga mara mbili. Na kutoka chini, kupitia mbao, ukaja ule mlio mdogo, kama vikombe viwili vya kahawa vikigusana. Sijui niueleze vipi. Miaka ile kila mtu aliyekuja nyuma yako barabarani ulimsikiliza nyayo. Hapa nilikuwa nimelala kifudifudi katika giza, waya mtupu mbele ya pua yangu, na maisha yangu yalikuwa katika suruali ya mtu ambaye ndugu zangu wasingemfungulia mlango. Nikaushika waya. Haukunifanya kitu. Nilitaka kucheka.

Nyumba ya kwanza tuliyoimaliza wenyewe ilikuwa ya bibi mmoja mjane, palepale Buyenzi. Vyumba viwili, taa mbili. Taa ya kwanza ilipowaka hakupiga vigelegele wala hakutushukuru. Alichukua mkeka wake, akaugeuza, akakaa akiielekea taa kama mtu anayeketi na mgeni. Baadaye akatuuliza kama inachoka mtu akiitazama sana. Pacha wangu akamjibu kwa adabu, "Apana, bibi. Tazama tu, haichoki." Tukakusanya vifaa polepole ili tusimkatishe.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye nyumba nyingine, mimi juu, yeye chini, milio ya bunduki ikaanza kutoka milimani, kisha ikasogea. Nilisikia mwenye nyumba akiwaita watoto wake, nikasikia geti, nikasikia watu wakikimbia barabarani, halafu kimya. Nilikuwa nimekata waya na mikono yangu miwili ilikuwa ndani ya kazi. Milio ilitoka upande wa mtaa wake, kulikokuwa na mke wake na mtoto wao mchanga. Nikajua amekwenda. Mimi ningekwenda. Nikagonga mbao mara mbili, si kwa kutegemea jibu, ni mkono tu uliozoea. Mlio ukaja.

Niliposhuka nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta chini ya sanduku, mkono umefunika mfuko, uso umekuwa wa majivu. Nikamuuliza kwa nini hakukimbia. Akasema, "Ningekimbia na fyuzi zako, ungebaki huko juu mupaka amani irudi." Kisha akaenda mbio kuwatafuta watu wake. Aliwakuta wazima. Na kwa kweli fyuzi zikiwa mfukoni mwake, akimbie asikimbie, mimi nilikuwa salama. Alilijua hilo kuliko mimi. Alikaa kwa ajili ya kujibu tu.

Kosa langu ni kwamba nililisimulia nyumbani. Nililisimulia kwa fahari, kama mtu aliyeona muujiza. Nikaeleza mapacha, mfuko, kugonga na kutikisa, yote. Mke wangu alitikisa kichwa kwa mshangao. Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo mtu ni wa wapi. Nikamwambia.

Akainuka akaenda kulala. Siku chache baadaye, vijana wa lindo la mtaa walimwambia kwamba wamemwona mdogo wake akitembea mjini na mtu wa kule, wakicheka, wamebeba ngazi pamoja. Na ndipo ikaja ile jioni ya bugali na ndagala. Hoja yake ilikuwa fupi.

"Siku moja atazirudisha fyuzi uko juu," alisema. "Nani atajua? Watasema ni ajali. Na mi nitawaambia nini watoto wako?"

Nilijua si kweli. Nilijua kwa masikio yangu. Lakini hofu ya mtu anayekulisha ina uzito wake, na kubishana nayo kulitaka niseme hadharani, mbele ya mke na shemeji, kwamba namwamini mtu wa kule kuliko maneno ya kaka yangu. Sikuwa na moyo huo. Nikasema sawa.

Mwalimu alinisikiliza akiwa anakuna kutu kwenye koleo. Aliniuliza kama pacha wangu amekosea kazi. Nikasema hapana. Kama anakuja amelewa. Nikasema hapana. Nikamwambia ni shida ya njia, kwamba tunaishi pande mbili na ni vigumu kufanya mazoezi pamoja. Aliacha kukuna. Alisema ameingia mwanafunzi mpya, mtu wa Gihosha kama mimi, atanipa huyo. "Lakini yule wako," akaongeza, "sina wa kumupa. Na peke yake hapandi." Nilielewa vizuri. Nikasema sawa tena.

Pacha wangu alikuwa nje anafunga ngazi kwa kamba. Alikwisha kuambiwa, au alikisia. Alikaza fundo, akaniangalia bila hasira.

"Ni mfuko wangu?" akaniuliza.

"Ni njia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi anapopokea vipimo kwa mteja. Aliendelea kuja kwa muda. Aliwabebea wengine ngazi, alisafisha waya wa zamani kwa ajili ya mazoezi, maana vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetufungia mipaka na waya mpya haukupatikana. Alingoja aje mwanafunzi mwingine. Hakuja mtu. Asubuhi moja nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, na kesho yake pia, na mwalimu hakuuliza darasa kama kuna anayejua alipo.

Pacha wangu mpya alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alikuwa mcheshi, kaka yangu alimpenda, tulirudi Gihosha pamoja tukiongea njia nzima. Lakini hakupenda kuweka fyuzi mfukoni. Alisema zinamtobolea kitambaa. Alizipanga juu ya sanduku, na nilipogonga mbao aliitika kwa mdomo. Ilinipasa nikatae. Ilinipasa nishuke, nimwambie azitie mfukoni au nimwite mwalimu. Sikuweza. Ule mlio nilikuwa nimeuomba uondoke, na kuudai kwa mtu mwingine niliona haya, kana kwamba ningekuwa nakiri kosa langu mbele yake. Basi tukaanza kuulizana. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutukosoa, tukaulizana kwa neno la mtaani. Moto? Umezimwa.

Kazi ya mwisho kabla ya kupewa cheti ilikuwa Kinindo, katika nyumba kubwa iliyokuwa inapakwa rangi ili wapangaji wahamie. Mwalimu alikuwa nyumba ya jirani na mapacha wengine, pamoja na bisibisi ya kupimia umeme, kwani kituo kilikuwa na moja tu. Nilipanda darini. Dari lilikuwa pana, na kwa tundu la taa niliona meza ndefu ya chakula chini yangu. Mwenzangu alikuwa bado hajafika kwenye sanduku. Alikutana na mtu wa mtaa wetu getini, wakasimama kuongea. Mimi sikulijua hilo. Nikaita.

"Moto umezimwa?"

"Umezimwa, muzee," ikajibu sauti ya mwanamume.

Ilikuwa sauti ya mpishi wa wapaka rangi, kutoka jikoni. Alikuwa ameondoa sufuria na kumwagia maji makaa ya imbabura, jiko letu la mkaa, na alidhani namuuliza kwa sababu moshi unapanda darini. Alinijibu ukweli mtupu.

Nikaushika waya kwa koleo lililochakaa mpira.

Nimewahi kusikia watu wakisema umeme unachoma. Mimi sikusikia kuchomwa. Nilisikia kitu kikubwa kimenishika, kikubwa kama ile milima na yale maji, na hakikuwa na chuki yoyote nami. Mkono haukuwa wangu tena. Hata leo, Mungu anisamehe, ninapoikumbuka nukta ile fupi, mshangao hutangulia mbele ya woga. Kisha kikaniachia, au uzito wangu ulinivuta, nikaporomoka pamoja na dari hadi kwenye meza. Mpishi, kwa mazoea ya miaka ile, alidhani ni kombora, akaja mbio kulala chini ya meza hiyohiyo, na aliponiona nabiringika toka mezani na kuanguka pembeni yake akaniuliza kama wameingia.

Mwenzangu alikuja mbio, akalia kama mtoto. Nilimwambia kosa ni langu, na ndivyo lilivyo. Nilikuwa nimefundishwa nisiulize kwa mdomo, nisitumie neno lile, nisiguse kabla ya mlio. Niliyajua yote hayo kwa sababu niliwahi kufanya kazi na mtu aliyeyashika.

Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili. Mfupa uliunga, lakini vidole viwili vya mwisho havikufunga tena, na kidole gumba kilibaki na ganzi. Koleo liliniponyoka kila nilipojaribu. Mwalimu alinitembelea Gihosha, akakaa na kaka yangu sebuleni, akanywa chai, akasema nikipona niende, ngazi ipo. Hakutaja jambo lingine. Kaka yangu alimsindikiza hadi barabarani, na aliporudi hakuniangalia usoni. Kabla hajafariki, miaka mingi baadaye, alitaka tuzungumze juu ya jioni ile. Nilimwambia yeye aliomba tu, mimi ndiye niliyesema sawa.

Vita vilipopoa, niliweza kukanyaga mtaa wa yule fundi cherehani. Nilikwenda. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Watu wa pale walikuwa wapya, waliokuwa wanajenga upya juu ya misingi ya wengine, na hakuna aliyemjua mtu mrefu mwembamba aliyekuwa na cherehani. Mmoja alisema huenda walivukia Gatumba kwenda Kongo. Mwingine alisema waliohamia huko hawakuwa na mtoto mchanga.

Nilipata kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi, nikaifanya mpaka kustaafu, nikiwaandikia mafundi wa umeme vitu walivyonunua. Nyumba nilizoziwasha kwa mkono wangu ni zile chache tulizofanya wawili. Kusema sawa jioni ile kulinigharimu ufundi nilioupenda kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya, na kulinigharimu rafiki. Sijui kama yu hai. Hajapata kusikia kutoka kinywani mwangu kwamba haikuwa njia.